Usione Vyaelea: Habari za Mji wa Venice

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hii ni ya watu wa vyombo, lakini leo twataka kuitumia kwa mji mzima. Mji huo ni Venice, katika nchi ya Italia, ambao maarusi wa nchi nyingi huuendea kufurahia ndoa yao. Wengi huusifu kwa uzuri wake; sisi twapenda kwanza kuuliza swali la fundi: mji huu umesimama juu ya nini?

Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo wapata 118, katika wangwa mpana uliotengwa na bahari kuu kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Huko hakuna mwamba wa kuwekea msingi, ila tope. Basi mafundi wa kale walichukua magogo, wakayachonga ncha, wakayapigilia topeni moja karibu na jingine mpaka yakashika udongo mgumu. Juu yake walitandika mbao nene, na juu ya mbao mawe meupe ya Istria yawezayo kustahimili maji ya chumvi. Ndipo wakaanza kupandisha kuta. Mtu atauliza, "Je, miti hiyo haiozi?" Haiozi upesi, kwa sababu imezikwa mahali pasipofika hewa, na vidudu viozeshavyo miti haraka haviwezi kustawi pasipo hewa.

Mfano mkubwa ni kanisa la Santa Maria della Salute, lenye kuba kubwa kwenye mlango wa Mfereji Mkuu. Lilianza kujengwa mwaka 1631 ili kutimiza nadhiri, wakati tauni ilipoua karibu theluthi ya watu wa mji. Yasemekana chini yake mna magogo zaidi ya milioni moja.

Katika visiwa hivyo motokaa hazipiti. Watu huenda kwa miguu, wakivuka madaraja zaidi ya 400, au kwa vyombo. Chombo mashuhuri ni gondola, mashua nyeusi nyembamba yenye urefu wa mita 11 hivi. Mpiga kasia husimama upande wa tezi, akitumia kasia moja tu, nalo liko kuume. Kwa hiyo ubavu wa kushoto umefanywa mpana kuliko wa kuume, ili chombo kisizunguke. Akionaye mara ya kwanza hudhani kimepindika kwa kosa la fundi, kumbe ndiyo akili yake.

Juu ya Mfereji Mkuu liko Daraja la Rialto. Zamani palikuwa na daraja la miti, nalo mwaka 1444 lilivunjika kwa uzito wa watu waliosongamana kutazama msafara wa mashua. Baadaye Antonio da Ponte akajenga la mawe, lililokwisha mwaka 1591, lenye tao moja tu la mita 28 hivi. Wako waliosema litaanguka. Hata leo lingali linasimama.

Tufike sasa kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko. Kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 1094, na ndani kuta na makuba yamefunikwa kwa vijiwe na vipande vya kioo cha dhahabu. Farasi wanne wa shaba waliotekwa Constantinople mwaka 1204 wamehifadhiwa humo. Mbele yake uko mnara wa kengele, urefu wake mita 98 na zaidi. Tarehe 14 Julai 1902 mnara wa kwanza ulibomoka wote; lakini nyufa zilikuwa zimeonekana na watu wakaondolewa, hata hapakufa mtu. Wenyeji wakaazimu kuujenga palepale na vilevile, ukafunguliwa mwaka 1912.

Karibu na hapo liko Daraja la Masikitiko, lililojengwa wapata mwaka 1600, liunganishalo jumba la Doge, mtawala wa mji, na gereza. Siku hizi husemwa kwamba wapendanao wakibusiana chini yake jua likichwa, pendo lao litadumu. Na wakumbuke kwamba juu ya vichwa vyao walipita wafungwa, na jina la daraja latokana na kushusha pumzi kwao kwa huzuni.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko mbali na mji huu kama tudhanivyo. Ushanga wa vioo wa Venice uliletwa Unguja katika karne ya 19, ukachukuliwa na misafara mpaka bara, ukanunua chakula na pembe. Yamkini bibi wa bibi zetu walivaa kazi ya mafundi wale.

Lakini mji huu uko hatarini. Ardhi yake yazama polepole, na bahari yapanda. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimeta 194 juu ya kipimo chao. Mwaka 2019 yalifika 187. Kwa ajili hiyo imewekwa milango 78 ya chuma ilalayo chini ya bahari. Maji yakitazamiwa kupanda sana hujazwa hewa, ikainuka na kuziba njia. Ilitumika mara ya kwanza kuzuia bamvua tarehe 3 Oktoba 2020.

Tena kuna hatari ya pili, isiyozuiliwa kwa chuma. Mwaka 1951 visiwa hivyo vya kati vilikuwa na watu zaidi ya 170,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa ghali, na nyingi zimefanywa za kulaza wageni. Mji ukibaki na watazamaji tu, nani atatengeneza kuta, na nani atachonga kasia?

Basi, mwenye kujaliwa kufika Venice asitazame makuba peke yake. Na ainame pia atazame mahali ukuta ukutanapo na maji, awakumbuke waliopigilia magogo ambayo jicho haliyaoni. Nasi tulio mbali tukumbuke kwamba kila kijiji, shule na nyumba husimama kwa kazi ya namna hiyo, nayo hudumu maadamu wapo wenyeji wa kuitunza.