Homa kwa mwenye kinga dhaifu: usisubiri kupambazuke

Hapa Mchombe mtoto akichemka, wengi husema "ni malaria tu", humpa dawa iliyobaki nyumbani na kungoja asubuhi. Kwa mwenye kinga dhaifu, kungoja huko kunaweza kugharimu maisha.

Nani ana kinga dhaifu?

Ni mtu anayeishi na VVU, hasa kama hajaanza au ameacha ARV; mtoto mwenye utapiamlo mkali; mwenye selimundu; anayetibiwa saratani; na mtoto mchanga. Mwili wao hupigana na vijidudu kwa nguvu ndogo, hivyo ugonjwa huenda mbio. Wakati mwingine mwili hata hauchemki sana. Mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuwa na nimonia bila homa.

Kipimo cha malaria si mwisho

Bonde la Kilombero lina malaria, kwa hiyo kipimo ni lazima. Lakini majibu yakionyesha hana malaria, usirudi nyumbani kimya. Mwambie mhudumu hali ya mgonjwa, kisha uliza: "Kama si malaria, ni nini?" Inaweza kuwa nimonia, kifua kikuu, maambukizi ya mkojo au ya damu. Na hata malaria ikionekana, ugonjwa mwingine unaweza kuwepo pamoja nayo.

Mpeleke kituoni saa hiyohiyo, hata usiku, akiwa:

- hawezi kunyonya au kunywa
- anatapika kila kitu
- amepata degedege
- amelegea au haamki vizuri
- anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia
- ni mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au mwili wake umekuwa wa baridi

Kinga ya kila siku

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupewa Septrin kila siku kuanzia takriban wiki 6, hadi ithibitike hana maambukizi. Mtoto mwenye selimundu hupewa penisilini kila siku hadi afikishe miaka 5. Dawa hizi hazitolewi kwa sababu anaumwa, bali asiumwe. Usiziache kwa kuwa anaonekana mzima, wala usimgawie mtoto mwingine. Kamilisha chanjo, chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, mlaze ndani ya chandarua chenye dawa.

Msimu wa mpunga

Familia nyingi huhamia mashambani kwa wiki kadhaa, mbali na zahanati. Kabla ya kuondoka, waombe kliniki dawa za kutosha siku zote mtakazokaa huko. Beba kadi na chandarua. Kubaliana mapema na mwenye bodaboda atakayewatoa usiku, na tenga nauli yake.

Ukifika kituoni, sema mapema: "Huyu ana kinga dhaifu." Kama unaona haya kusema mbele ya foleni, mwonyeshe muuguzi kadi.