Vakanse kwa nkambo: funga mulango wa mbu



Kila mwaka, masomo yakifungwa, jamaa nyingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi zinatayarisha mizigo. Wengine wanaenda kwa nkambo mu kijiji. Wengine wako na kanyumba pembeni ya shamba ao pembeni ya ziwa, nyumba ambayo inakaa miezi mingi bila mutu. Siku ya kufika ni furaha: watoto wanakimbia, mama anafagia, baba anafungua madirisha. Lakini kuko wapangaji wengine ambao wamekwisha kufika mbele yenu: mbu, matekenya, kunguni, muchwa. Hawalipi kodi, na hawana haraka ya kutoka.

Munajua mambo yanayofuata. Mutoto anarudi mu muji, anaanza masomo mu mwezi wa 9, na kiisha juma moja kichwa kinamuuma, mwili unawaka moto. Wengine wanasema ni baridi ya safari. Wengine wanatafuta mutu aliyemuangalia vibaya. Lakini tangu siku mbu anamuuma mutu mupaka siku homa inaanza, mara nyingi inapita siku 7 mupaka 30. Malaria ilipandwa kule kwa vakanse, mavuno yanakuja mu darasa. Na inchi yetu ni ya pili mu dunia kwa hesabu ya wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Usiku moja tu ndani ya nyumba iliyo wazi unaweza kuleta kilio mu jamaa.

MBU ANAINGILIA WAPI?

Uliza watoto: watakuonyesha dirisha. Watu wengi wanafunga dirisha jioni na wanaona kazi imekwisha. Sasa inua macho, angalia pale ukuta unapokutana na paa. Mu nyumba nyingi za kijiji, hata zile za manjanja, kuko nafasi wazi ya kupitisha moshi na hewa. Ile nafasi njo mulango mukubwa wa mbu wa malaria. Anaruka usiku, anafuata pumuzi na harufu ya mwili wetu, anafika kwa ukuta, anapanda juu, anaingia. Unaweza kufunga madirisha yote na kupiga dawa kila jioni: kama pale juu ni wazi, wengine wataingia mbele ya asubui.

Jambo hili lilijaribiwa zamani. Mu mwaka wa 1897, munganga Ronald Ross alionyesha kule India kwamba vijidudu vya malaria vinakomaa ndani ya mbu. Watu wengi walikuwa wangali na mashaka. Basi mu 1900 wanganga wawili, Sambon na Low, walienda kukaa Ostia, karibu na Roma, mahali ambapo malaria ilikuwa kali sana. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na milango na madirisha yake yalifunikwa na wavu wa chuma. Muchana walitembea kama watu wote. Jua likizama, waliingia na kufunga mupaka asubui. Hawakumeza kinini. Walikaa hivyo tangu mwezi wa 7 mupaka mwezi wa 10, na hakuna hata mumoja wa nyumba ile aliyepata homa, wakati majirani walikuwa wanaugua.

Kuko mufano ingine wa Afrika. Kule Gambia, mu kazi iliyotangazwa mwaka wa 2009, nyumba zilizowekwa wavu kwa milango na madirisha, na kufungwa pale juu, ziliingiwa na mbu kidogo sana kuliko nyumba zingine: walipunguka kwa 59 juu ya 100. Nyumba zilizowekwa paka dari ya wavu, walipunguka kwa 47 juu ya 100. Na watoto wenye kukosa damu, ambao walikuwa 30 juu ya 100 mu nyumba zilizo wazi, walikuwa karibu 20 tu mu zile zilizofungwa.

Na sisi watu wa migodi tuko na mufano wa jirani. Ng'ambo ya mupaka, kwa migodi ya shaba ya Zambia kama Roan Antelope pale Luanshya, kazi ilianza mu 1929. Walikausha maji ya mabwawa, walikata majani, walimwanga mafuta juu ya maji yaliyosimama, waliweka wavu kwa nyumba, walitumia vyandarua na kinini. Kiisha miaka 3 mupaka 5, malaria na vifo vyake vilipunguka kwa 70 mupaka 95 juu ya 100. Hawakutegemea dawa moja. Waliunganisha njia zote.

KAZI YA SIKU YA KWANZA

1. Fikeni mbele ya jua kuzama. Nyumba iliyokaa imefungwa haitengenezwi na taa mu mukono.

2. Anzeni pale juu. Zibeni nafasi na matofali na udongo, ao pigilieni wavu. Kama munapikia ndani, musizibe na udongo: wekeni wavu, moshi upate njia.

3. Angalieni chini ya mulango. Shoneni kitambaa kirefu, mujaze muchanga, mukiweke pale kila jioni.

4. Bebeni vyandarua kutoka nyumbani, kimoja kwa kila kitanda ao mukeka. Kitobo kishonwe, na chini kibanwe muzuri. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kwanza kivulini siku moja.

5. Vijana wazunguke lupango. Makopo, matairi na mapipa yamwangwe maji. Shimo la matofali lililo karibu na nyumba lijazwe udongo. Yai la mbu linageuka mbu mwenye kuruka mu siku karibu 10 ao juma mbili. Kwa hiyo mukifanya kazi hii kila juma, hawapati wakati wa kukomaa.

Angalisho moja kubwa. Mwezi wa 7 usiku ni baridi mu Katanga, na watu wanapenda kuingiza mbabula ndani. Usilale na mbabula inayowaka makala mu nyumba iliyofungwa, hata kwa saa moja. Ile hewa yake haina harufu, na inaua mutu akiwa mu usingizi. Tena, dawa ya mashamba inayouzwa mu chupa bila karatasi, usiipige mu chumba cha kulala. Itafika kwa mutoto mbele ya kumaliza mbu.

NA WALE WENGINE?

Matekenya wanapenda vumbi la wakati wa jua. Nyunyizeni maji mbele ya kufagia, kandikeni chini na udongo, nguruwe na mbwa wasilale ndani, na watoto wavae viatu.

Kunguni anasafiri mu valizi, anaenda na kurudi pamoja na nyinyi. Musiweke mizigo juu ya kitanda. Mbele ya kurudi, kunguteni vyote inje, na nguo zioshwe na maji ya moto.

Muchwa anajitambulisha mwenyewe: ukiona mustari wa udongo unapanda ukutani, uko ndani ya njia yake. Ubomoe mupaka chini, na angalia kama umerudi. Musiegemeze kuni kwa ukuta.

MUKIRUDI

Homa ikikamata mutu mu mwezi unaofuata safari, mupeleke kwa kituo cha afya siku ile ile, apimwe damu. Mwambieni munganga kwamba mulitoka safari, na mutaje mahali. Musingojee, zaidi sana kama ni mutoto wa chini ya miaka 5 ao mama mwenye mimba.

Na mizigo ikifungwa, fikirini jambo moja tena. Nyumba ya vakanse kwako ni nyumba ya kila siku kwa nkambo. Wewe ulilala pale juma sita. Yeye atalala pale wakati mvua itaanza na mbu kuongezeka. Kama mulifunga pale juu paka kwa chumba chenu, kazi ingali nusu. Vijana, mupande kwa chumba chake pia mbele gari haijafika. Na kile chandarua mulichomutundikia, musikitoe. Kikae.