Soma Meno Kabla ya Kuagiza Gia

Gari la rimoti likisimama katikati ya uwanja huku mota inaendelea kulia, wenye magari wengi hufanya jambo lile lile. Wanafungua giaboksi, wanakuta gia ya plastiki imesagika, wanaitupa na kuagiza nyingine. Baada ya muda mfupi gia mpya nayo imekwisha, na lawama zote zinamwendea aliyeitengeneza. Mara nyingi anaonewa. Gia iliyosagika huwa ndiyo ya mwisho kuumia. Kabla ya kuitupa iweke mkononi, chini ya mwanga mzuri, uikague jino kwa jino, kwa sababu namna ilivyoliwa inaonyesha kilichoila.

Zitazame pamoja pinioni, ile gia ndogo ya chuma inayobanwa kwenye shafti ya mota, na gia kubwa inayoshikana nayo, ambayo mafundi wengi huiita spa. Ukikuta spa imeliwa mahali pamoja tu, meno mawili matatu hayapo na mengine yote ni mazima, basi ilikuwa imesimama wakati pinioni inazunguka. Kuna kitu kiliifunga: kijiwe kilichoingia chini ya kifuniko, beringi iliyoshika, au gari lililokwama ukutani huku kidole hakijaachia triga. Kuweka spa mpya bila kukitafuta kitu hicho ni kuipeleka kwenye ajali ile ile. Zungusha mfumo wote wa gia kwa mkono, polepole, mpaka uone ni wapi panapokaza.

Meno yaliyochongoka sawasawa pande zote yana habari nyingine: yameisha taratibu, kwa vumbi au kwa gia zisizolingana. Yaliyoliwa nusu ya upana wake yanakuambia kwamba pinioni imesogea kwenye shafti. Hapo angalia skrubu yake ndogo isiyo na kichwa. Lazima ikae juu ya ule upande bapa wa shafti na ipakwe tone la gundi ya skrubu, maana mtetemo wa mota hulegeza kila kitu. Plastiki iliyolainika na kung'aa kana kwamba imeyeyuka ni joto, na joto hilo kwa kawaida linatoka kwenye gia zilizobanwa mno au mota iliyoelemewa.

Kutolingana kwa gia ni kosa linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa halionekani kwa macho. Chukua TT-02 ya Tamiya, chesisi ya Kijapani iliyotoka mwaka 2013, ambayo wengi wameanzia. Inakuja na pinioni ya meno 22 na spa ya meno 70, na ndani zaidi kuna gia nyingine zinazopunguza kasi mara 2.6. Ukigawa 70 kwa 22, kisha ukazidisha kwa 2.6, unapata 8.27: mota huzunguka zaidi ya mara nane ili tairi lizunguke mara moja. Kasi inavyopungua, nguvu ya kuzungusha inaongezeka, na ndiyo maana difu na ekseli hubeba mzigo mzito kuliko pinioni, ingawa pinioni ndiyo inayokimbia. Sasa, meno ya chesisi hiyo ni ya moduli 0.6, moduli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa jino. Magari mengi ya Kimarekani hutumia meno ya kipimo cha 48, yaani meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo, ambayo ukiyageuza kuwa moduli ni kama 0.53. Funga pinioni ya 48 kwenye spa ya 0.6 na zitashikana, gari litaondoka, hata mlio hautakushtua mara moja. Lakini kila jino linaingia kwenye nafasi isiyo yake, na plastiki ndiyo inayolipa. Kabla ya kununua pinioni, soma kipimo cha meno kwanza. Idadi ya meno ifuate.

Nafasi kati ya pinioni na spa, kwa gari ambalo mota yake inasogezwa, hupimwa kwa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Kata kipande chembamba, kipitishe katikati ya meno, sukuma mota mpaka gia zibane karatasi, kaza skrubu za mota, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Itoke na mikunjo midogo inayofuatana, bila kuchanika. Halafu shika pinioni isitembee na utikise spa: lazima icheze kidogo sana. Rudia kipimo katika sehemu nne za mzunguko, kwa kuwa spa nyingi za plastiki si duara kamili, na nafasi inayofaa upande mmoja inaweza kubana upande wa pili.

Mengi unaweza kuyajua bila kulifungua gari lote. Chomoa betri kwanza, kila mara, kwani mota ikiwaka wakati kidole kipo kwenye gia ni jeraha. Inua gari, shika spa, zungusha tairi moja la nyuma. Difu ya kawaida ikiwa nzima, tairi la pili litazunguka kinyume, laini. Ukisikia mkwaruzo wa kuruka ruka, meno ya ndani ya difu yameanza kwenda. Tairi la pili likitulia tuli, usiihukumu difu bado: vua tairi uangalie pini ndogo inayopita kwenye ekseli. Pini hiyo ikidondoka, difu hupeleka nguvu zote upande usio na mzigo, na gari haliendi popote.

Beringi nazo hupuuzwa. TT-02 nyingi hutoka na bushi za plastiki, na kitu cha kwanza ninachoshauri mtu anunue ni beringi za kipimo cha milimita 11 kwa 5 kwa 4 za kuzibadilisha. Bushi ikilika, shafti huyumba, na shafti ikiyumba ile nafasi uliyoipima kwa karatasi haipo tena. Anayekimbiza gari ufukweni akague beringi siku hiyo hiyo, kwani chumvi haisubiri.

Gia za chuma nina msimamo nazo. Watu huzinunua wakidhani wamemaliza tatizo, kumbe wamelihamisha. Spa ya plastiki ni fyuzi ya gari: inakatika yenyewe ili difu, ekseli na mota vibaki. Ukiweka ya chuma, pigo lile lile linasonga mbele hadi kwenye kitu ghali zaidi, na kwetu, ambako spea nyingi huagizwa na kusubiriwa, kitu hicho kinaweza kuliweka gari kabatini kwa muda mrefu. Chuma kina mahali pake ndani ya difu, na kwenye pinioni, ambako za alumini huisha upesi na unga wake huisaga spa.

Gari lenye klachi ya kuteleza kando ya spa lina kinga nzuri zaidi, ikiwa nati yake haijakazwa hadi mwisho. Vuta triga yote gari likiwa limesimama juu ya lami: klachi isikike ikiteleza kwa nusu mita hivi, kisha ishike. Wengi huikaza kabisa kwa sababu gari linaonekana kuchomoka zaidi, na hapo wameondoa kinga waliyoilipia.

Kinga nyingine ipo kidoleni. Gari likiwa hewani matairi hayana mzigo, kwa hiyo triga ikiwa imevutwa yote yatazunguka kwa kasi ya mwisho, na ardhi inayazuia kwa mara moja. Pigo hilo linapita kwenye ekseli, difu na shafti ya propela hadi kwenye spa. Legeza triga kabla ya kutua, uivute tena matairi yakishashika ardhi. Na ukitaka kurudi nyuma, gari lisimame kwanza.