Sura ya Nne: Mtoto wa Ng'ambo Zote Mbili za Sio

Msamia wa Nangina, Kenya, akioa Masafu, Uganda, ng'ambo ya mto Sio, hajihesabu kuwa ameoa ugenini. Lugha ni ile ile, na wakwe hufika kwa pikipiki. Wanaouona mpaka hapo ni wenye serikali, nao mpaka wenyewe ni wa juzi tu: hadi 1902 Nangina ilihesabiwa Uganda, kabla Waingereza hawajaihamishia upande huu. Mtoto wa ndoa kama hiyo ndiye wa sura hii.

Kwanza, mtoto huyu haombi uraia. Anazaliwa nao, tena mara mbili. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatazama siku ya kuzaliwa: mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya, hata azaliwe Muscat. Katiba ya Uganda ya 1995 inapanda hadi kwa babu na nyanya; mmoja wao akiwa raia wa kuzaliwa, yatosha. Tena ina orodha ya makabila yaliyokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926, na Wasamia wamo, pamoja na Wateso wa kule Malaba. Kenya haina orodha ya namna hiyo, nami sioni hasara.

Zamani haikuwa hivi. Kwa katiba ya uhuru, aliyezaliwa nje ya Kenya alirithi uraia kwa baba pekee. Chukua mama Mkenya aliyeolewa na raia wa Uganda, uchungu umemshika usiku. Baiskeli ikielekea hospitali ya misheni ya Nangina, mtoto ni Mkenya. Ikielekea Masafu, siye. (Baiskeli za Busia ndizo zilizozaa jina la boda boda, sikujua kwamba zilibeba na uraia.) Ibara ya 14 iliwarudishia haki hata waliozaliwa enzi hizo, kwa hiyo mwenye mvi leo bado anaweza kudai chake.

Taabu iliyobaki ni ya karatasi. Ya kwanza ni taarifa ya kuzaliwa anayopewa mama hospitalini. Aliyejifungulia nyumbani huenda kwa naibu chifu. Ina nafasi ya jina la baba, na nafasi hiyo imewaponza wengi. Kifungu cha 12 cha sheria ya Kenya ya usajili wa vizazi na vifo hakikuruhusu kumwandika baba ambaye hakumwoa mama, ila wawili hao waombe pamoja. Mama akiwa wa Uganda na baba Mkenya ametokomea, mtoto alibaki Mkenya wa damu asiye na herufi moja ya kumtetea. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Kisha kuna jina. Kenya imezoea jina la mwisho liwe la baba. Uganda mtoto anaweza kuwa na jina lake lisilofanana na la baba. Basi binti mmoja ni Taaka Wandera kwa chifu na Taaka Nabwire kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji kule Uganda, na umri wake umesogezwa mwaka mmoja ili apokewe shule. Karani akizipanga karatasi hizo mezani haoni mtu mmoja mwenye uraia pacha. Anaona watu wawili. Kizazi kisajiliwe mahali kilipotokea, Kenya ndani ya miezi 6, na cheti hicho hicho ndicho kivushwe Sio. Usimzae mtoto mara ya pili kwenye daftari la ng'ambo.

Tanzania ingemtaka achague akifika miaka 18. Kenya haimtaki achague, inamtaka ajitangaze: sheria ya 2011 inampa kila mwenye uraia pacha miezi 3 ya kuutaja huo wa pili, la sivyo faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Ukiisoma neno kwa neno, mtoto wetu aliupata uraia huo siku aliyozaliwa, kwa hiyo muda wake unakwisha kabla hajajua kuketi.