Ardhi Mbili Ndani ya Nyumba Moja

Katika maradhi yote ya vyombo vya sauti, sidhani kama yako yanayomhukumu asiye na kosa mara nyingi kuliko mvumo wa sabufa: chombo hupelekwa kwa fundi, fundi akakifungua, akabadilisha asichohitaji kubadilisha, na kikarudi nyumbani na mguno wake ule ule.

Nyumba niliyoitwa katika mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, ilikuwa na dalili moja iliyonivuta kuliko zote. (Mtaa huo una jina la wafanyabiashara wa kaskazini ya Sudan walioitwa jalaba, yaani wenye kuleta bidhaa, na mvumo nao, kama tutakavyoona, una aliyeuleta.) Mwenye nyumba alikuwa na yakini kwamba ubaya umo katika umeme wa mji, ule unaotoka kwenye mtambo wa mafuta wa megawati 33 ulioanza kazi mwaka 2019, baada ya watu kuishi miaka mingi kwa jenereta zao. “Fundi,” akaniambia, “nikiwasha jenereta, sabufa inanyamaza kabisa. Umeme wa mji ukirudi tu, inaanza kuguna.”

Umeme wa Juba, kama wa Kampala na Dar es Salaam, huzunguka mara 50 kwa sekunde, na sauti ya mizunguko 50 ni nzito, ya kutikisa kifua, ambayo spika ndogo aghalabu hushindwa kuitoa, ilhali sabufa imeumbiwa kazi hiyo hasa. Ndani ya amplifaya, umeme huo hugeuzwa uende upande mmoja, na katika kugeuzwa mawimbi yake huwa 100. Kapasita zinazoyasawazisha zikichakaa, hutoka mlio wa juu zaidi, wenye ukali, mfano wa nyuki waliofunikwa chunguni. Ugonjwa wa kapasita hauchagui umeme wa mji wala wa jenereta. Na penye jenereta ndogo utausikia ukishuka na kupanda kila jokofu linapoanza kuvuta, kwa kuwa injini nayo huzubaa kidogo ndipo ikakaza mwendo. Maadamu sabufa ya kwetu ilinyamaza kwa jenereta, kapasita niliziondolea shaka kabla sijavua koti.

Jaribio la kwanza halitaki ala yoyote. Zima vyote, chomoa nyuma ya sabufa ule waya uletao sauti, kisha iwashe sabufa peke yake: ikivuma, kosa li ndani yake, ikinyamaza, mvumo umeletwa na waya. Ikanyamaza. Tukaurudisha waya, mvumo ukarudi. Nikaenda kwenye king'amuzi, nikaifungua skrubu ya waya wa dishi, na mvumo ukakatika kama uzi.

Dishi lile lilisimama juu ya nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani, na wavu wa shaba unaouzunguka waya wake ulikuwa, kwa kupitia nguzo, umeshikana na udongo. Soketi za sebuleni zilikuwa na matundu matatu kama sheria, walakini nilipoifungua moja niliona nyuma ya tundu la tatu hamna kitu, hata ncha ya waya. Bati la sabufa, ambalo lilipaswa kuegemea ardhi kwa tundu hilo, likawa linaning'inia. Umeme kidogo uvujao katika kichujio chake ukabaki juu yake, hata ukipitisha mgongo wa kidole wahisi kama sisimizi watembeao. Umeme huo, kwa kuwa wa mji umefungwa na udongo kwenye transfoma, hutafuta njia ya kurudi kwao, na njia pekee uliyoipata ni wavu wa waya wa sauti, kisha amplifaya, king'amuzi, dishi na nguzo. Ukipita humo huacha alama yake, na sabufa huikuza. Jenereta ya nyumba ile haikufungwa na udongo popote, basi mvujo haukuwa na pa kurudi. Haikuponya kitu.

Wako wanaozima mvumo kwa kukata pini ya tatu ya plagi. Hilo lisifanywe asilani: siku waya wa moto utakapogusa bati, mwenye kulishika ndiye atakayekuwa njia ya kuendea udongoni. Sisi tulimwita fundi wa umeme, akapigilia fimbo ya shaba ardhini, akapeleka ethi ya kweli kwenye soketi, akafunga pale pale wavu wa waya wa dishi kabla haujaingia ndani, ili nyumba isiwe na ardhi mbili zenye kuhitilafiana, na akaweka swichi ile ikatayo umeme mara unapovuja, kwani fimbo peke yake mara nyingi haitoshi kuunguza fyuzi. Vyombo vyote vya sebuleni vikachomekwa kwenye ekstensheni moja. Kama ungalisalia mvumo, ningaliweka katika waya wa sauti transfoma ndogo ya kutenganisha, ipitishayo sauti kwa sumaku pasipo shaba kugusana na shaba, lakini haikuhitajika.

Mwenye nyumba akaongeza sauti hadi mwisho pasipo kucheza chochote, akainama, akaweka sikio kwenye sabufa. Kilichosikika ni jenereta ya jirani, ng'ambo ya ukuta.