Oili Huhesabiwa kwa Kilomita

Baba huendesha gari kutoka Kisumu hadi kazini Bondo na kurudi, zaidi ya kilomita 100 kila siku. Alikuwa akibadilisha oili kila miezi sita. Mwaka jana injini ikanoki, na pesa zangu za chamcha shuleni zikaishia gereji.

Fundi alitueleza hivi: oili ya kawaida hubadilishwa kila kilomita 5,000. Kwa baba, hizo hazifiki hata siku 50 za kazi! Filta ya oili nayo ibadilishwe papo hapo, maana kuukuu huchafua oili mpya. Ya hewa ikaguliwe mara kwa mara kwa sababu ya vumbi. Namba ya oili, kama 20W-50, huonyesha uzito wake. Fuata kitabu cha gari, si bei. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.