Gita la Mjukuu

Ninyi wa Mutomo na Ikutha, nanyi mlio ng'ambo ya mto Athi huko Kibwezi na Makindu, poleni kwa kazi na jua.

Leo fungueni pamoja nami Mithali 13:22. Hapo tunaambiwa habari ya mtu mwema na urithi anaouacha. Angalieni kwamba urithi huo hauishii kwa watoto wake, bali unafika kwa watoto wa watoto wake. Basi, sisi tukisikia neno urithi tunafikiri shamba. Lakini mashamba yetu yamegawanywa hata mtu akilala kwake, miguu iko kwa jirani. Je, babu asiye na ekari za kugawa atamwachia mjukuu nini?

Namjua mzee mmoja upande wa Kitui, si mbali na mto Tiva, ambaye mwaka huu anamtengenezea mjukuu wake gita. Hakulinunua dukani. Analitengeneza kwa mikono yake. Mjukuu huyo ni msichana wa Gredi ya 8, analelewa na babu na nyanya kwa sababu mama yake yuko kazini Mombasa. Kanisani anaimba vizuri sana. Nyumbani hasemi sana. Macho ya mzee yameanza kuingia ukungu, naye alimwambia mkewe kwamba kazi hii haiwezi kungoja mwaka ujao.

Najua baadhi yenu wazee mnakunja uso mnaposikia neno gita. Mnakumbuka miaka ya 1970, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walipovuma kote Ukambani, na vijana wakapotelea dansini. Hofu hiyo siidharau, maana kuna nyumba zilizoumia. Lakini tusome Biblia yote. Katika Mwanzo 4:21 tunamkuta Yubali na kinubi chake. Katika 1 Wafalme 10:12 mfalme Sulemani analetewa miti ya msandali, na miti ile ile iliyotumika kwa nyumba ya Bwana ikafanywa pia vinubi na vinanda vya waimbaji. Mti haukutenda dhambi. Tuulize ni nani anayemfundisha mtoto kupiga. Babu akiacha nafasi hiyo wazi, mwingine ataijaza.

Sasa turudi kwa mzee. Mti wake ni mukau. Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Kitui na Makueni mukau ni nini: mchwa wanaushindwa, mbuzi hula majani yake wakati wa kiangazi, nyuki hupenda maua yake, na mizinga mingi ya wazee wetu ilichongwa kwa gogo lake. Mbao zake ni nyekundu kidogo, zafanana na mahogani. Lakini ni mti mgumu kuotesha, kwa kuwa mbegu imefungwa ndani ya kokwa kama jiwe. Watu wa misitu wa KEFRI pale Kitui, wakisaidiwa na Wajapani wa JICA, wameushughulikia mukau miaka mingi, nao hufundisha jinsi ya kupasua kokwa bila kuumiza mbegu. Mukau ukitunzwa huweza kutoa mbao kwa miaka kumi na mitano hivi. Mzee aliupanda wake mtoto huyu alipokuwa hajazaliwa. Majirani wengi walikata yao wakachoma makaa, na sitawalaumu kwa haraka, kwa maana ada ya shule haingoji mti ukue.

Mbao zikishapasuliwa hazitumiki papo hapo. Za mzee zilikaa darini miaka miwili, zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite kati yake. Ubao mbichi ukiunganishwa leo, kiangazi kikija utajikunja na kupasuka. Ndiyo sababu alingoja mvua za Machi hadi Mei zipite kabla ya kushika gundi.

Mukau ule unafanya mgongo, mbavu na shingo. Lakini ubao wa kifuani, ule wenye tundu, ni saiprasi nyepesi aliyoichagua kwa kugonga. Aligonga mbao nyingi kwa kifundo cha kidole, kama vile watu wa Makueni wanavyogonga tikiti maji, akasikiliza ni upi unaolia na upi unaonyamaza. Hapo mzee ana akili. Uzi peke yake hauna sauti ya kusikika mbali. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao wa kifuani, na ubao huo ndio unaosukuma hewa. Katika Hispania fundi mashuhuri Antonio de Torres alitaka kulithibitisha jambo hili; mwaka 1862 alitengeneza gita lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, lakini kifua akakifanya cha mbao nzuri. Nalo likaimba.

Kifua hicho hupigwa randa hadi kibaki milimita tatu hivi. Kikiwa kinene gita ni bubu. Kikiwa chembamba mno hakitastahimili, kwa sababu nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo sabini hivi, kuliko uzito wa mfuko wa saruji. Kwa hiyo ndani, mahali pasipoonekana na mtu, fundi hubandika vijiti vinavyokatizana mfano wa herufi X, ili kifua kiwe na nguvu na bado kiweze kutikisika.

Mbavu zilinifurahisha kuliko yote. Zinapigwa randa hadi milimita mbili, zinaloweshwa maji, kisha zinapindwa juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani yake. Ukizidisha nguvu ubao unavunjika; ukiwa na haraka unaungua. Lakini mzee huyu alifundishwa na baba yake kutengeneza pinde, naye anajua mti unavyotii moto. Ubao ulipokuwa tayari kuinama aliusikia mkononi, hakuhitaji macho. Kisha akaubana kwenye kalibu na kuufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi ukapoa.

Katika Kutoka 31 Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina, kwamba alijazwa roho na ujuzi wa kuchora na kukata mbao. Mara nyingi tunahubiri juu ya Musa, na Bezaleli tunampita upesi.

Kazi moja mzee hakuiweza, yaani kupima mahali pa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Hapo macho yalimshinda. Akamwita mjukuu.

"Umau, niambie urefu wa uzi," akasema msichana.

Urefu ni milimita 650. Kanuni ni kugawanya kwa 17.817, na jibu, milimita 36.5, ndilo mahali pa freti ya kwanza. Kisha huchukui tena ile 36.5. Unaugawanya urefu uliobaki, 613.5, nayo inakuja 34.4. Hivyo nafasi zinazidi kuwa ndogo kadiri unavyokaribia tundu, na freti ya 12 inaangukia nusu kamili, milimita 325. Freti ikikosea milimita moja, sikio litajua daima. Msichana alifanya hesabu zote kwenye daftari lake, akachora mistari kwa kisu juu ya ubao wa mpingo, na babu akakata kwa msumeno huku mtoto akimwongoza: "Kushoto kidogo, Umau. Hapo." Nyanya yao aliniambia kwamba jioni ile mtoto alizungumza kuliko juma zima.

Gita bado halijatiwa nyuzi. Daraja la mpingo limebandikwa juma lililopita, nalo lazima likauke sawasawa kabla ya kubeba mzigo. Nyuzi zenyewe hazikununuliwa Kitui. Msichana alimpigia mama yake simu akamsomea namba ya nyuzi kutoka kwenye daftari, na mama amesema atazileta mwenyewe kutoka Mombasa, likizo ya Agosti.

Bwana awabariki. Kwaherini.